Neva, neuropeptidi na tezi za shingoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa hapa Lamu. Mengi ni ya wanafunzi wa uuguzi na utabibu wanaosumbuliwa na mada ya homoni. Mengine ni ya watu wenye rovu, waliofanyiwa upasuaji wa shingo, na jamaa zao. Yameanzia kwenye mambo mepesi kuelekea mazito. Aliyekuja kwa sababu ya mgonjwa nyumbani anaweza kuruka moja kwa moja hadi swali la 12.

## Ya msingi

1. Thairoidi na parathairoidi ziko wapi, na kazi yake ni nini?

Thairoidi iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kongomeo, imelikumbatia bomba la hewa kwa pande mbili. Kwa mtu mzima huwa na uzito wa gramu 15 hadi 25 hivi. Ndani yake mna vifuko vidogo vya mviringo, kila kimoja kimezungukwa na safu moja ya seli na kujaa ute mzito katikati. Homoni huundwa na kuwekwa akiba ndani ya ute huo kabla ya kutolewa. Hufanya kazi kama jabia zetu za maji ya mvua: hujazwa mapema, nayo huweza kuutosha mwili kwa wiki kadhaa hata utengenezaji ukisimama. Homoni zenyewe ni mbili, thairoksini (T4) na T3. Hizi ndizo zinazopanga kasi ya mwili katika kutumia nishati: joto, mapigo ya moyo, choo, hedhi, na ukuaji wa ubongo wa mtoto tangu yuko tumboni.

Parathairoidi ni tezi nyingine kabisa. Kwa kawaida ziko nne, kila moja kubwa kama punje ya mchele, zimebanana nyuma ya thairoidi. Kazi yake ni kutoa homoni iitwayo PTH, inayozuia kalsiamu ya damu isishuke. Zilichelewa kujulikana. Richard Owen alizitambua kwa kifaru katika karne ya 19 alipompasua mnyama huyo aliyekufa kwenye bustani ya wanyama ya London, na Ivar Sandström, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari huko Uppsala, Sweden, akazieleza kwa binadamu mwaka 1880. Kabla ya umuhimu wake kueleweka, wagonjwa wengi waliondolewa thairoidi pamoja nazo, kisha wakafa kwa kukakamaa misuli.

2. Neuropeptidi ni kitu gani?

Ni kipande kifupi cha protini kinachotengenezwa na neva na kumwagwa kwenye ncha zake ili kupeleka ujumbe kwa seli ya jirani. Protini zote zimeundwa kwa asidi amino zilizoshikamana kwa mfuatano, na neuropeptidi nazo ni hivyo, ila mfuatano wake ni mfupi. Iitwayo dutu P ina asidi amino 11 tu. VIP ina 28, NPY ina 36, CGRP ina 37.

Neva haitumii neuropeptidi peke yake. Mara nyingi ncha ileile moja huwa na kemikali ndogo ya haraka, kama noradrenalini au asetilikolini, na neuropeptidi pembeni yake. Ile ndogo hutoka hata neva ikichochewa kidogo. Neuropeptidi kwa kawaida hungoja neva ichochewe kwa kasi au kwa muda, na ikishatoka athari yake hukaa zaidi.

3. Sasa ina tofauti gani na homoni?

Tofauti ni njia inayopita na umbali inaokwenda, si umbo lake. Homoni humwagwa kwenye damu ikaenda mbali. Neuropeptidi ya neva humwagwa palepale ilipo seli inayolengwa, na nyingi huvunjwa baada ya dakika chache. Thairoksini, kwa kulinganisha, nusu yake bado iko kwenye damu baada ya siku saba hivi. Kuna molekuli zinazofanya kazi zote mbili, na hilo limeelezwa kwenye maswali ya 8 na 9.

4. Na kipokezi?

Kipokezi ni protini, mara nyingi iliyokaa kwenye utando wa seli, yenye umbo linalokubali molekuli fulani na kuikataa nyingine. Molekuli ikishanasa, kipokezi huamsha mabadiliko ndani ya seli. Vipokezi karibu vyote vinavyotajwa hapa, vya TSH (homoni inayoiamuru thairoidi, swali la 8), VIP, NPY, dutu P na hata kile cha kalsiamu, ni vya ukoo mmoja: kila kimoja kimepenya utando wa seli mara saba.

Jambo ambalo wanafunzi hulipita mbio ni hili: neva kuwapo karibu na seli si ushahidi kwamba inaiamuru. Lazima seli iwe na kipokezi chake. Na kipokezi kikiwa kwenye ukuta wa mshipa wa damu badala ya seli ya tezi, ujumbe unaupata mshipa, si tezi. Ukilishika hili, maswali ya 7 na 10 yatakuwa mepesi.

## Neva za thairoidi

5. Neva zinazofika kwenye thairoidi zinatoka wapi?

Ziko za aina tatu. Za kwanza ni za simpathetiki, zile za mwili unapokabili hatari, nazo hutoka kwenye mafundo ya neva yaliyopangana pembeni mwa uti wa mgongo shingoni, hasa fundo la juu. Za pili ni za parasimpathetiki, zile za mwili unapotulia, zinazokuja na neva ya vagasi kupitia matawi yake ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti. Za tatu ni za hisia, ambazo seli zake ziko kwenye mafundo ya vagasi na ya uti wa mgongo wa shingo.

Kwa panya kuna pia kifundo kidogo cha neva kilicho jirani kabisa na thairoidi, nacho huipelekea tezi nyuzi zake chenyewe.

6. Ni neuropeptidi zipi zimeonekana ndani ya thairoidi?

Zinazotajwa zaidi ni hizi:

NPY, iliyotengwa na Kazuhiko Tatemoto na Viktor Mutt mwaka 1982 kutoka ubongo wa nguruwe. Kwenye thairoidi hukaa hasa ndani ya nyuzi za simpathetiki, pamoja na noradrenalini.

VIP, iliyotengwa na Sami Said na Viktor Mutt mwaka 1970 kutoka utumbo mwembamba wa nguruwe. Jina lake la kitaalamu, vasoactive intestinal peptide, linatokana na utumbo, na hilo huwachanganya wanafunzi, lakini imeenea kwenye neva za mwili mzima. PACAP ni ndugu yake wa karibu, nayo imo.

Dutu P, iliyogunduliwa na Ulf von Euler na John Gaddum mwaka 1931, na CGRP. Hizi mbili mara nyingi hukaa pamoja ndani ya nyuzi za hisia.

Galanini nayo imo. Orodha haiishi hapo, lakini mtu akizijua hizi anaweza kusoma makala yoyote ya fani hii bila kupotea.

7. Zinafanya nini hasa?

Ukitaka jibu la sentensi moja: zinashughulika na mishipa ya damu kuliko zinavyoshughulika na homoni.

Thairoidi ni miongoni mwa viungo vinavyopata damu nyingi sana kwa uzito wake. Damu ndiyo inayoiletea madini joto, ndiyo inayoiletea TSH, na ndiyo inayoondoka na homoni zake. Nyuzi nyingi zenye neuropeptidi zimeizunguka mishipa hiyo. VIP, CGRP na dutu P huitanua. NPY huibana, ikisaidiana na noradrenalini.

Nyuzi chache hupita katikati ya vifuko vyenyewe, karibu na seli zinazotengeneza homoni, na hapo ndipo mjadala ulipo. VIP imeonekana kuziamsha seli hizo kwa njia ileile ya ndani inayotumiwa na TSH, yaani kuongeza molekuli iitwayo cAMP, na kwa panya huongeza utoaji wa homoni. NPY hailazimishi kitu peke yake kwa nguvu hiyo. Kazi yake kwa seli za tezi ni kurekebisha jinsi zinavyoitikia vichochezi vingine.

Usichukulie kwamba damu ikiongezeka kwenye tezi, basi na homoni imeongezeka kwa kiasi kilekile. Hayo ni mambo mawili, na kila moja hupimwa peke yake.

8. Basi mwenye amri juu ya thairoidi ni nani: ubongo, TSH au neva?

TSH. Ubongo hutoa TRH, TRH huiambia tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, itoe TSH, TSH hupita kwenye damu hadi shingoni na kushika kipokezi chake, na thairoidi hutoa homoni. Homoni zikitosha, ubongo na pituitari hupunguza amri. Mtu akikosa TSH kabisa, hakuna neuropeptidi ya neva za shingoni itakayoziba pengo hilo.

Lakini itazame vizuri TRH. Ni asidi amino tatu tu, hutengenezwa na seli za neva, na hutolewa na ncha za neva. Ni neuropeptidi. Roger Guillemin na Andrew Schally waliipambanua mwaka 1969 katika mashindano makali ya maabara zao, wakichambua ubongo wa kondoo na nguruwe kwa maelfu, nao ni miongoni mwa walioshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1977. Kwa hiyo neuropeptidi iliyo muhimu kuliko zote kwa thairoidi haipiti kwenye neva za thairoidi hata kidogo. Iko kichwani, na amri yake hufika shingoni kupitia damu. Mimi naona wanafunzi wangefundishwa jambo hili kwanza, kabla ya orodha ya swali la 6, maana linawapanga kichwani mapema.

9. Kuna molekuli inayotengenezwa na neva na pia na thairoidi yenyewe?

Ndiyo, CGRP. Baina ya vifuko vya thairoidi mna seli za C, zinazotengeneza kalsitonini, homoni yenye asidi amino 32 iliyotambulishwa na Harold Copp mwaka 1962. Jeni inayotoa kalsitonini ndiyo inayotoa CGRP. Seli za C hukata na kuunga nakala ya jeni hiyo kwa namna inayozaa zaidi kalsitonini, na seli za neva huikata kwa namna nyingine ikazaa CGRP. Ugunduzi huu wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikuwa miongoni mwa mifano ya kwanza iliyoonyesha kwamba jeni moja ya mnyama inaweza kutoa bidhaa mbili tofauti.

Seli za C nazo huwa na CGRP kidogo. Kwa hiyo ukiona kipande cha thairoidi kimewaka kwa CGRP chini ya hadubini, usikimbilie kusema ni neva. Tazama umbo. Neva ni uzi mwembamba wenye vinundu vinundu, na seli ya C ni mwili wa mviringo.

## Parathairoidi

10. Parathairoidi nazo zina neva hizi?

Zinazo, ila ni chache zaidi. Kwa panya zimeonekana nyuzi zenye NPY, VIP, dutu P na CGRP, nyingi zikifuata mishipa ya damu, baadhi zikipenya katikati ya seli. Adrenalini na dawa zinazofanana nayo huweza kuinua PTH kwa muda kupitia vipokezi vya beta.

Pamoja na hayo, anayetawala hapa ni kalsiamu yenyewe. Seli ya parathairoidi ina kipokezi cha kalsiamu, ambacho jeni yake ilipatikana mwaka 1993 na kikundi cha Edward Brown na Steven Hebert huko Boston, kutoka parathairoidi ya ng'ombe. Kalsiamu ikishuka kidogo tu, PTH hupanda ndani ya dakika. Ikipanda, PTH hushuka. PTH yenyewe huishi dakika chache tu kwenye damu, ndiyo maana hesabu hii hurekebishwa mchana kutwa bila sisi kujua.

11. Tezi ya parathairoidi ikihamishiwa mkononi, itafanyaje kazi bila neva zake?

Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake linafundisha zaidi ya kurasa nyingi za kitabu. Tangu miaka ya 1970 madaktari wapasuaji wamekuwa wakichukua parathairoidi, wakaikatakata vipande vidogo na kuvipanda ndani ya msuli wa mkono. Neva zote zimekatwa. Mishipa ya damu nayo imekatwa. Baada ya wiki kadhaa mishipa mipya ya damu huota, na vipande hivyo huanza kutoa PTH na kuipunguza kufuatana na kalsiamu, vikiwa mbali kabisa na shingo.

Maana yake ni kwamba tezi hii inaweza kufanya kazi yake kuu bila neva zake za asili. Haina maana kwamba neva ni mapambo. Kwa panya, nyuzi mpya za neva zimeonekana zikiota ndani ya tezi iliyopandikizwa, na mwili hauna desturi ya kurudisha kisichohitajika. Inaelekea neva husaidia kwenye marekebisho madogo ya haraka na kwenye damu ya tezi. Msingi wenyewe hubebwa na kipokezi cha kalsiamu.

## Maswali ya nyumbani

12. Je, mawazo, hasira au wivu huleta rovu?

Hapana. Nataka jibu hili lisomwe na wanaume wa nyumba pamoja na wake zao, na mama mkwe asomewe pia.

Maradhi ya thairoidi huwapata wanawake mara kadhaa zaidi ya wanaume. Kwa hiyo anayeambiwa "umejiletea mwenyewe kwa moyo wako mzito" karibu kila mara ni mwanamke, na akisha kuambiwa hivyo huona haya kwenda hospitali. Wapo wanaokaa na rovu miaka, shingo imefungwa mtandio, wakitibiwa wasiwasi ambao si asili ya ugonjwa wao. Dua ina nafasi yake, na hakuna anayemzuia mtu kumwomba Mola wake. Kipimo cha TSH kina nafasi yake pia.

Dhana kwamba neva ndizo zinazoharibu thairoidi si ya bibi zetu peke yao. Robert Graves wa Dublin alipoeleza mwaka 1835 ugonjwa wa tezi kuvimba na moyo kwenda mbio, madaktari wa Ulaya kwa miongo mingi waliuona kuwa maradhi ya neva. Mwaka 1896 Thomas Jonnesco wa Bucharest alifikia kuwakata wagonjwa neva za simpathetiki za shingo ili kuutibu. Miaka ya 1910 Walter Cannon wa Marekani aliunganisha neva ya kupumua na ile ya simpathetiki kwenye shingo za paka, akitaka kuonyesha kwamba tezi ikichochewa na neva bila kupumzika itazaa ugonjwa huo. Wengine walipojaribu, hawakupata matokeo yake.

Ukweli ulianza kujitokeza mwaka 1956, pale Duncan Adams na Herbert Purves wa New Zealand walipokuta ndani ya damu ya wagonjwa kitu kinachoichochea thairoidi kwa muda mrefu kuliko TSH. Kitu hicho kikaja kutambuliwa kuwa ni kingamwili, askari wa mwili aliyepotea njia na kukishika kipokezi cha TSH. Kwa hiyo ugonjwa wa Graves ni wa kinga, na mlango wake ni kipokezi cha TSH, si vipokezi vya neuropeptidi. Mfadhaiko mkubwa umehusishwa na kuanza kwa Graves kwa baadhi ya watu ambao tayari wana mwelekeo wa kurithi, lakini haumzushii rovu mtu kutoka patupu. Rovu la upungufu wa madini joto nalo halina uhusiano na hasira za mtu yeyote.

13. Kama si neva, mbona mwenye thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi hutetemeka mikono na moyo humwenda mbio?

Kwa sababu homoni nyingi za thairoidi huufanya moyo na misuli iitikie adrenalini na noradrenalini kwa ukali zaidi. Neva zinazohusika ni za mwili mzima, na tatizo limeanzia kwenye homoni. Ndiyo maana propranololi, inayozuia vipokezi vya beta, humtuliza mgonjwa haraka bila kuiponya tezi. Dawa ya kuipunguza tezi yenyewe, kama kabimazoli, huchukua wiki kuonekana, kwa sababu ile akiba ya swali la 1 lazima iishe kwanza.

14. Pilipili huharibu thairoidi?

Pilipili ya mlo haiharibu. Swali hili lina chimbuko lake: watafiti hutumia kapsaisini, ile kemikali ya ukali wa pilipili, kuua nyuzi za hisia zenye dutu P na CGRP kwa wanyama wa maabara. Wakiona nyuzi fulani zimetoweka kwenye tezi baada ya hapo, hujua zilikuwa za hisia. Lakini kipimo hicho ni kikubwa mno na hudungwa mwilini, mara nyingi kwa mnyama aliyezaliwa karibuni. Achari yako ya ndimu na pilipili haifanyi hayo.

15. Tunaishi baharini na tunakula samaki. Rovu latufikaje?

Samaki wa baharini wana madini joto, na hilo ni la kheri. Chumvi ya kawaida ya baharini isiyotiwa kitu ni habari nyingine. Madini joto yake ni kidogo sana, hata kama imekaushwa kwenye maji ya bahari hii hii. Ndiyo sababu viwanda huiongezea. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mjamzito 250 hivi. Anayetumia chumvi ya mawe isiyo na nembo ya madini joto na samaki akawa humpata kwa nadra, anaweza kupungukiwa akiitazama bahari kila siku.

Si kila rovu ni la upungufu. Lipo la kinga, la vinundu, na mara chache la saratani. Lipimwe.

16. Baba yetu ni muadhini na ameambiwa afanyiwe upasuaji wa thairoidi. Sauti yake itabaki?

Kwa wengi hubaki. Hatari ipo, na inatokana na neva mbili zinazopita hapo. Moja ni neva ya zoloto inayorudi: hushuka kifuani, upande wa kushoto huzunguka chini ya mshipa mkuu wa moyo, kisha hupanda tena shingoni nyuma ya thairoidi. Ndiyo inayosogeza nyuzi za sauti. Ikiumia, sauti hukwaruza au kupwaya. Ya pili ni tawi la nje la neva ya juu ya zoloto. Likiumia, mazungumzo ya kawaida hubaki sawa lakini sauti ya juu haipandi, na kwa muadhini au mwimbaji wa taarabu hiyo ni hasara kubwa.

Mwambieni daktari mapema, kabla ya siku ya upasuaji, kwamba mzee anaishi kwa sauti yake. Muulizeni kama nyuzi za sauti zitatazamwa kabla na baada. Ni haki yenu kuuliza, na mpasuaji mzuri hakasirikii swali hilo.

17. Baada ya upasuaji mgonjwa anahisi ganzi midomoni na vidole vinakakamaa. Ni neva zimekatwa?

Kwa kawaida si hivyo. Ganzi ya namna hiyo ndani ya siku za mwanzo ni dalili ya kalsiamu iliyoshuka, kwa sababu parathairoidi zimeumia, zimekosa damu au zimeondolewa. Neva zake ni nzima, ila kalsiamu ikipungua huwa nyepesi mno kusisimka.

Hili halingoji asubuhi. Mpelekeni hospitali mara moja. Na kama mgonjwa ni wa Faza, Kizingitini au Kiunga, ushauri wangu ni akae karibu na hospitali siku kadhaa za mwanzo, hata ikibidi kulala kwa jamaa mjini. Kumtafutia boti usiku, maji yakiwa yamekupwa, akiwa amekakamaa, ni jambo la kuliepuka mapema.

18. Je, kuna kipimo au dawa ya neuropeptidi kwa ajili ya thairoidi?

Kwa mgonjwa wa kawaida wa thairoidi, hapana. Vipimo vinavyomfaa ni TSH na T4, na kwa parathairoidi ni kalsiamu na PTH. Akitokea mtu kukuuzia "tiba ya neva za thairoidi" ya kunywa, ukumbuke kwamba neuropeptidi ni protini fupi na tumbo huzisaga kama linavyosaga nyama.

Kalsitonini hupimwa kwa anayeshukiwa saratani ya seli za C. Dawa zinazozuia CGRP zipo tangu 2018, lakini ni za kipandauso.

19. Na tezi ya mbuzi au ng'ombe, ikiliwa na nyama ya shingo?

Hapa jibu linageuka. Homoni za thairoidi hazisagwi tumboni kama neuropeptidi, wala jiko haliziondoi zote. Ndiyo maana vidonge vya thairoksini humezwa na vikafanya kazi. Mwaka 1984 na 1985, huko Marekani kwenye majimbo ya Minnesota na South Dakota, watu wengi walipata dalili za thairoidi kali kwa kula nyama ya kusaga iliyochanganywa na tezi za shingo za ng'ombe. Mchinjaji aiondoe tezi iliyo chini ya kongomeo. Nyama ya shingo yenyewe haina neno.

20. Vidonge vya thairoksini vitamezwaje Ramadhani?

Vinataka tumbo tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kula. Wengine hunywa kwa maji wanapoamka, kisha wakangoja kabla ya daku. Wengine hunywa wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya kula mara ya mwisho. Chai ya maziwa na kahawa zisifuatane nacho papo hapo. Vidonge vya kalsiamu au vya kuongeza damu viachane nacho kwa saa nne. Mwenye kalsiamu ya kunywa mara kadhaa kwa siku baada ya upasuaji (swali la 17) asifunge kabla ya kuongea na daktari.

## Kwa wanafunzi wanaotaka zaidi

21. Watafiti walijuaje nyuzi ipi imetoka wapi?

Kwa kukata na kungoja. Kazi nyingi ya aina hii ilifanyika Lund, Sweden, miaka ya 1980. Mji huohuo ndiko Bengt Falck na Nils-Åke Hillarp walikobuni, mwanzoni mwa miaka ya 1960, njia ya kuifanya noradrenalini ing'ae chini ya hadubini. Neuropeptidi huonekana kwa njia nyingine: kingamwili inayoshika peptidi moja tu hutiwa rangi inayowaka, kisha humwagiwa kwenye kipande chembamba cha tezi.

Sasa mkate panya fundo la juu la simpathetiki, ungoje siku kadhaa, uitazame tezi. Nyuzi nyingi za NPY zimetoweka pamoja na noradrenalini, kwa hiyo zilitoka huko. Za VIP zimebaki, kwa hiyo zina chimbuko jingine, na sehemu kubwa ilifuatiliwa hadi kwenye kifundo cha swali la 5. Nyuzi chache za NPY nazo hubaki, kwa kuwa kifundo hichohicho kina NPY kidogo.

22. Matokeo haya ya panya yanatuhusu sisi?

Kwa sehemu. Nyuzi za VIP na NPY zimeonekana pia kwenye thairoidi ya binadamu, kwa hiyo ramani ya jumla inafanana. Wingi wa nyuzi na nguvu ya jibu la tezi hutofautiana kwa kila mnyama, na hata kifundo cha thairoidi kilichoelezwa kwa panya hakichukuliwi hivihivi kuwa ndivyo kilivyo kwa mtu. Ukiandika mtihani, taja mnyama. "VIP huongeza homoni ya thairoidi" ni jibu pungufu, na "VIP huongeza utoaji wa homoni ya thairoidi kwa panya" ni jibu linalosimama.